Uzi: Klabu ya kamera ya wazee ianze na albamu za nyumbani, matembezi yafuate

fundi_lenzi, Jinja

Habari zenu wakubwa. Kila swali la klabu za kamera za wazee likiletwa hapa jibu ni lile lile: wapelekwe Entebbe wakapige maua. Sipingi maua. Lakini klabu ya watu wa miaka 65 na kuendelea ina mali ambayo vijana hawana: albamu zilizolala chini ya kitanda, na watu ambao bado wanajua nani ni nani ndani yake. Mradi wa kwanza uwe kunakili hizo picha za karatasi.

Skana nzuri ni ghali na ni ya polepole. Stendi ya mbao pamoja na kamera yoyote ya kubadilisha lenzi inafanya kazi ile ile, na watu wawili waliozoea, mmoja akipanga na mwenzake akibonyeza, wanamaliza picha 60 hadi 80 kwa saa, mbele na nyuma.

Kibao cha chini ni plaiwudi ya milimita 18, sentimita 60 kwa 60, kimepakwa rangi nyeusi au ya kijivu isiyong'aa. Msiweke kitambaa chekundu wala kitenge; rangi yake inaruka na kutia doa kwenye picha. Nguzo ni mbao ya mbili kwa nne, urefu sentimita 90, imekazwa nyuma kwa pembe mbili za chuma. Kwenye nguzo unashika mkono wa ubao wa sentimita 30 kwa klampu mbili za seremala, ili uweze kupandishwa na kushushwa.

Wengi wanakosea mwisho wa huo mkono. Kamera ikitazama chini, kitako chake kinakuwa wima. Kwa hiyo mwisho wa mkono upigiliwe kibao kilichosimama wima, na kamera ifungwe hapo kwa bolti ya robo inchi, uzi ule ule wa tripodi. Bolti isiingie ndani ya kamera zaidi ya milimita 5, kwani ikizidi inasukuma sakafu ya tundu na kamera imekwisha. Pima kwa rula, ongeza washa (pete bapa za chuma) mpaka kimo kitoshe. Katikati ya kibao na kamera tia kipande cha tyubu ya baiskeli, la sivyo uzito wa lenzi utaizungusha taratibu, na picha ya kumi itatoka imepinda.

Kwa lenzi ya mm 50 kwenye kamera ya kawaida ya APS-C (ndicho kipimo cha kihisi cha kamera nyingi za bei ya kati), picha ya sentimita 10 kwa 15 inajaa fremu kamera ikiwa kama sentimita 45 juu yake. Ya 20 kwa 25 inataka kama 75. Lenzi ya mm 18-55 inayokuja na kamera inatosha, mradi iwe kwenye 55. Ukiiweka 18 mistari ya pembeni inapinda kama pipa.

Kuhakikisha kamera inatazama chini sawasawa, laza kioo kidogo cha mfukoni mahali picha itakapokaa. Tazama kwenye kamera. Ukiona duara la lenzi lako mwenyewe katikati kabisa ya fremu, uko sawa. Likikaa pembeni, kamera imeinama upande.

Taa ni mbili, balbu za LED za aina moja kutoka boksi moja, wati 9 hadi 12, kila moja upande wake kwa nyuzi 45 na kama sentimita 60 kutoka kwenye picha. Zima taa ya chumba, funga pazia. Halafu simamisha penseli katikati ya kibao: vivuli viwili viwe na urefu sawa na weusi sawa. Kimoja kikiwa cheusi zaidi, taa ya upande wa pili imekaribia mno.

ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), taima ya sekunde mbili, mizani ya weupe ipimwe kwa kadi ya kijivu. Kwa taa hizo shata, yaani muda kamera inapokea mwanga, huangukia karibu na robo ya sekunde. Msiogope, stendi haitikisiki kama sakafu ni ya saruji. Tena hiyo robo ya sekunde inawafaa: umeme wetu ni wa mizunguko 50, na balbu za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipandisha ISO ili upate 1/200 utaona michirizi ya giza imekatiza picha na hutajua imetoka wapi.

MamaAlbamu

Stendi ni nzuri, fundi, ila naongeza neno: majina kwanza, pikseli baadaye. Picha isiyo kali unaweza kuirudia mwakani. Jjajja (bibi au babu) aliyejua yule wa tatu kutoka kushoto pengine hutampata mwakani.

Utaratibu ninaoutetea ni huu. Kabla picha haijatoka kwenye albamu, piga ukurasa mzima kama ulivyo, maana mpangilio wenyewe una habari: harusi moja huwa imebandikwa pamoja. Kisha picha moja moja, mbele, halafu nyuma papo hapo hata kama nyuma ni tupu. Ukiruka zile tupu, namba zitapishana na ndani ya wiki mbili hamtajua nyuma ipi ni ya mbele ipi.

Majina yasiandikwe juu ya picha. Chukua karatasi ya kuchorea inayopitisha nuru, ilaze juu ya nakala iliyochapwa, chora duara kwenye kila kichwa, andika namba ndani ya duara. Majina yanakwenda kwenye daftari kwa namba. Anza safu ya nyuma, kushoto kwenda kulia. Wazee wawili wakibishana juu ya mtu mmoja, andika majina yote mawili na nani kasema lipi. Usiamue wewe.

Sauti irekodiwe vilevile. Simu iwe sentimita 20 au 30 kutoka mdomoni, imewekwa hali ya ndegeni ili isilie katikati, na kila kipande kianze kwa kutaja namba ya picha. Picha moja faili moja. Rekodi ya saa mbili mfululizo hakuna atakayeisikiliza tena.

Nyuma ya picha kalamu ya wino ni mwiko: inachora mfereji unaoonekana mbele, na wino unahamia kwenye picha ya chini yake. Penseli laini ya 2B inashika kwenye karatasi za zamani. Kwenye zile zenye mgongo wa plastiki haishiki, basi andika kwenye bahasha.

Anayeona bahasha ni jambo dogo akumbuke hazina iliyokutwa kwenye kabati la shirika letu la utangazaji, UBC: takriban negativu 70,000, nyingi za enzi za Amin, zilizopelekea maonyesho ya 2019 pale Uganda Museum. Bahasha zake zilikuwa na tarehe na jambo lililopigwa. Bila maandishi hayo ungebaki na sura za watu waliosimama kwenye majukwaa.

Mto_Enyau, Arua

Maelezo mazuri, lakini mmeandikia klabu yenye kamera. Huku klabu ya wazee kumi na wawili ina simu kumi na mbili na kamera sifuri. Wafanyeje?

fundi_lenzi, Jinja

@Mto_Enyau stendi ni ile ile, badala ya kibao cha wima weka ubao wenye tundu, simu ilale juu yake kioo kikitazama juu, lenzi kwenye tundu. Mambo matatu ndiyo huharibu. La kwanza, kukaribia sana kwa lenzi pana ya simu: pembe zinavutika. Inua simu mpaka picha ichukue kama theluthi mbili ya fremu, ukate pembeni baadaye. Kama simu ina lenzi ya pili ya 2x (inayokuza mara mbili) iliyo ya kweli, tumia hiyo. La pili, flashi ya kamera. Izimeni kabisa, inaacha jua jeupe usoni mwa bwana harusi. La tatu, kivuli cha simu yenyewe, na hicho ni taa zimewekwa juu mno. Zishushe.

Kubonyeza kioo kunatikisa. Chomeka spika za masikio za waya, kitufe cha kuongeza sauti kinapiga picha kwenye simu nyingi. Mzee anakishika mkononi bila kugusa simu.

Na kama hata mbao hazipo, tokeni nje kwenye kivuli cha nyumba saa nne asubuhi, picha juu ya meza, simu juu ya marundo mawili ya vitabu ya kimo sawa. Mwanga wa kivuli cha wazi ni laini kuliko balbu nyingi. Kasoro yake ni rangi ya samawati, ndiyo maana kadi ya kijivu isiachwe nyumbani.

Hapo kwenye kadi nisisitize. Lenzi ya jicho huwa ya njano kadiri umri unavyokwenda, na kwa mwenye mtoto wa jicho zaidi. Mzee akirekebisha rangi kwa kutazama tu anaweza kupitiliza bila kujua. Kadi haizeeki.

mwamba_tororo

Sasa na sisi wa matembezi tuseme. Albamu peke yake zitamchosha mtu. Wazee wengine wamekuja klabuni kunyoosha miguu. Halafu aliyejifunza kushika kamera barabarani hata stendi haimsumbui.

Darasa la kwanza lisiwe la f/ hii na f/ ile, liwe la kigurudumu kidogo pembeni ya kitundu cha kutazamia. Wazee wengi hudhani kamera haina fokasi kumbe hakijawahi kuguswa. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, usiangalie ukuta, angalia zile namba zilizo ndani ya kitundu. Zungusha mpaka namba zisomeke vizuri. Anayevaa miwani aamue mapema atatazama nayo au bila, asibadilishe kila siku.

Mikono inayotetemeka ina dawa. Ile kanuni ya zamani ya moja chini ya urefu wa lenzi ni ya vijana. Mzee aizidishe mara tatu. Lenzi ya mm 50, basi 1/160 kwenda juu. Piga tatu mfululizo bila kuinua kidole, ya katikati mara nyingi ndiyo kali kwa sababu mtikisiko wa kubonyeza umeshapita na wa kuachia haujafika.

Tripodi ni mzigo kwa mwenye mgongo. Tengenezeni kamba: bolti fupi ya robo inchi, onyo la fundi kuhusu milimita 5 lipo palepale, ifungwe kamba isiyovutika ya nailoni iliyosukwa, urefu wa kutoka unyayoni hadi kwenye paji la uso. Bolti kwenye kitako cha kamera, ncha nyingine chini ya kiatu, kisha vuta juu mpaka kamba ikaze. Mtikisiko wa juu na chini unakwisha. Inaingia mfukoni na haigharimu hata bei ya rolex mbili (chapati za mayai).

Mwanga wetu pia una tabia yake. Hapa karibu na ikweta jua linapanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu haukai. Linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na nusu saa baadaye uzuri umepungua. Klabu ikipanga basi litoke saa moja, imekosa. Wakishindwa kuamka, nendeni jioni saa kumi na moja na nusu mkalisubiri.

Bustani ya Entebbe, ambayo ni ya 1898, inafaa kwa mara ya kwanza: njia ni tambarare, kuna kivuli na pa kukaa. Kinamasi cha Mabamba ni cha mara ya tatu au ya nne. Pale mnamfuata bbulwe, yule korongo domo-kiatu, kwa mtumbwi. Tripodi mtumbwini ni kazi bure, inabeba mtikisiko wa mbao na kuuleta kwenye kamera. Ndege anaweza kusimama kama sanamu robo saa nzima, na wazee wakaweka 1/125 kwa kuwa hatembei. Wanasahau wao ndio wanaotembea. Wekeni 1/1000, ISO ipande inavyotaka, lenzi mm 300 au zaidi. Wenye magoti mabaya wakae ubao wa katikati, waingie wa kwanza na kutoka wa mwisho, na jaketi la kuokolea livaliwe kabla kamera haijaning'inizwa shingoni, si juu yake.

MamaAlbamu

@mwamba_tororo kamba nimeipenda. Mabamba naomba usimpeleke mtu asiyejua bado kuzima flashi ya kamera.

nalubaale54

Nimeona hakuna aliyegusa namna ya kukisia mwaka wa picha isiyo na maandishi, na hapo klabu hupata raha kuliko zote. Msiandike mwaka mmoja kwa ujasiri. Andikeni kati ya mwaka gani na gani.

Maporomoko ya Ripon yakionekana, picha ni ya kabla ya bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lililofunguliwa 1954 na kuyazamisha. Hekalu la Wabahai juu ya kilima cha Kikaaya limekamilika? Basi ni 1961 au baadaye. Bendera nyeusi, njano na nyekundu ni kuanzia Oktoba 1962. Msikiti mkubwa wa Old Kampala ulimalizika miaka ya 2000. Makaburi ya Kasubi yakiwa na paa lile la zamani, ni kabla ya moto wa Machi 2010. Vibao vya maduka navyo husema: majina ya Kihindi barabara nzima mara nyingi ni kabla ya 1972, ingawa vibao vingine vilibaki miaka mingi baada ya wenyewe kuondoka, kwa hiyo hicho ni kidokezo tu.

Karatasi yenyewe ni shahidi. Kingo zilizokatwa mawimbi-mawimbi kwa kawaida hutangulia miaka ya 1970. Mgongo wa plastiki unaoteleza ni kuanzia kama miaka hiyo ya 1970. Picha ya rangi iliyogeuka nyekundu yote mara nyingi ni ya miaka ya 1970 au 1980, rangi yake ya samawati imekufa kwanza. Hiyo msiitupe: kwenye GIMP, programu ya bure, fungua viwango vya rangi, chukua nyekundu, kijani na bluu moja baada ya nyingine, sogeza vishale vya pembeni viguse pale mlima wa grafu unapoanzia na kuishia. Nyuso zinarudi kwa dakika mbili. Fanyeni kwenye nakala, asili isiguswe.

Mto_Enyau, Arua

Na zile zilizoganda kwenye albamu za gundi, zenye nailoni juu? Tulizivuta mbili zikachanika.

MamaAlbamu

Acheni kuvuta. Chukua uzi wa kusafishia meno usio na ladha, upitishe chini ya kona, ukereze kwenda na kurudi kama msumeno, sambamba na ukurasa. Ukikwama, simama. Picha iliyokataa inanakiliwa ikiwa palepale. Nailoni ya juu ifunuliwe, kama haifunuki punguzeni nyuzi za taa ziwe 30 ili mng'ao ukimbilie pembeni. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue kabisa. Uso wa picha utabaki kwenye kioo. Inapigwa kupitia kioo hichohicho, na kichujio cha polaraiza (cha kupunguza mng'ao) kwenye lenzi kinasaidia kiasi, si chote.

kadi_mbili

Mnanakili, mnahifadhi wapi? Picha ya 10 kwa 15 kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) ikiwekwa TIFF, faili lisilokamuliwa, ni kama MB 25. Elfu moja ni GB 25, na mkiweka mbele na nyuma ni 50. WhatsApp si ghala, inakamua picha. Nakala tatu, vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikae nyumba nyingine kabisa, si kabati lingine la ukumbi ule ule.

Flashi diski za bei ya kutupa mitaani nyingi ni za uongo: imeandikwa GB 128, ndani ni 8. Inapokea mafaili yote bila kulalamika, halafu ukifungua ni vivuli. Kabla ya kuitumia ijazeni yote kwa programu ya H2testw na muisome tena. Inachukua saa kadhaa, iacheni usiku, umeme ukiruhusu.

Majina ya mafaili yawe mwaka, mahali, namba: 1968_Jinja_0012a ya mbele, 0012b ya nyuma. Mwaka usiojulikana ni 196x. Msitie nafasi wala majina ya watu humo, majina yako kwenye daftari.

Lenzi na negativu zikae kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana pamoja na silika jeli ya rangi ya chungwa na kipima unyevu, lengo ni asilimia 40 hadi 50. Ukipita 60 siku nyingi, na kuanzia Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba hupita bila kubisha hodi, ukungu unaota kama utando wa buibui ndani ya lenzi. Mchele haufai, unatia vumbi. Silika ikibadilika rangi ioke nyuzi 120 saa mbili hivi, si kwenye kipakiti cha plastiki.

Na kabla ya maonyesho au kubandika mtandaoni, mwenye albamu asaini. Sheria ya kulinda data na faragha ya 2019 ipo, na hata isingekuwepo, picha ya msiba wa mtu si ya ukuta wa kanisa. Wakiwa matembezini, madaraja, mabwawa na askari waachwe.

mwamba_tororo

Swali la mwisho kwa fundi. Mzee mmoja wa studio ameleta makopo ya negativu. Lenzi ya 18-55 haikaribii kiasi hicho.

fundi_lenzi, Jinja

Tumia mm 50 na ringi za kurefusha, zile pete tupu zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Kwa fremu ya mm 35 ringi za jumla ya mm 25 hivi zinajaza kamera ya APS-C. Za studio za zamani nyingi ni za mraba, sentimita 6 kwa 6. Hapo ringi moja ya mm 12 inatosha. Mwanga: tableti yenye ukurasa mweupe, mwangaza juu kabisa. Negativu isilale juu ya kioo cha tableti, utapiga na vitone vya kioo. Weka pleksi (plastiki ngumu) nyeupe ya maziwa sentimita 2 au 3 juu yake, negativu juu ya pleksi, zunguka kingo kwa kadi nyeusi. Herufi za ukingoni zikisomeka sawa kwenye kamera, haijageuka. Kisha pindua rangi kwenye GIMP. Nyeusi-nyeupe ni kazi ya sekunde, za rangi zina barakoa ya chungwa na hizo tufungulie uzi wake.

Zilizojikunja ziwekwe kati ya karatasi nyeupe safi chini ya vitabu vizito siku chache, zisinyooshwe kwa mkono. Na fungueni makopo nje au dirishani. Likinuka siki, filamu hiyo imeanza kuoza, na mvuke wake unaozesha za jirani. Toeni hilo kopo mbali na mengine, ndilo la kunakili leo.